Gari la Farao, Gari la Moto au Magurudumu ya Ezekieli: Uchague Lipi kwa Somo Lako?

Anayetafuta andiko la kufundishia kuhusu magari ya vita katika Biblia hasumbuliwi na uhaba. Yanaanza kutajwa katika Mwanzo, Yusufu anapopandishwa katika gari la pili la Farao, na bado yapo katika Ufunuo, kwenye orodha ya bidhaa ambazo wafanyabiashara wa Babeli hawapati tena mnunuzi wake. Kati ya hapo na pale kuna bahari inayolimeza jeshi, nabii anayenyakuliwa, na magurudumu yaliyojaa macho. Mwalimu mwenye haraka huchukua lile la kwanza linalomjia kichwani, ambalo mara nyingi ni la Eliya, kisha akalitwisha ujumbe ambao kisa chenyewe hakiubebi.

Nimeyaweka hapa pamoja yale makubwa ili uone lipi linafaa wapi. Sitafuata mpangilio wa vitabu. Nitafuata swali moja ambalo kwangu limefungua maandiko haya kuliko kamusi yoyote ya ishara: gari la vita lilikuwa linashindwa nini? Watu walioandika habari hizi waliyajua magari hayo, waliyasikia yakija na waliyaona yakikwama. Picha walizotuachia zimejengwa juu ya udhaifu wa gari zaidi kuliko juu ya fahari yake.

Chombo chenyewe

Gari la vita la nchi hizo za kale lilikuwa jepesi ajabu: magurudumu mawili, kijukwaa kidogo cha kusimama, na farasi wawili. Wepesi huo ulitokana na gurudumu la spoki lililochukua nafasi ya gurudumu zito la mbao nzima. Katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, yalikutwa magari sita. Wamisri walipanda wawili, mwendeshaji na mpiga upinde, na Wahiti walifikia kupanda watatu. Kumbukumbu za Farao Ramses II kuhusu vita vya Kadesh, karibu mwaka 1274 K.K., zinadai kwamba Wahiti walimshambulia kwa magari 2,500 kwa mara ya kwanza tu.

Ilikuwa silaha ya kutisha, lakini silaha yenye masharti. Inataka uwanda mkavu. Kwenye tope inazama. Mlimani haina kazi. Ikitaka kugeuka inahitaji nafasi ya kuzunguka, na adui anaijua nafasi hiyo. Halafu kuna gharama ya mafundi, farasi, malisho na waendeshaji waliofunzwa miaka. Kitabu cha kwanza cha Wafalme (10:29) kinataja bei waziwazi: gari moja kutoka Misri shekeli 600 za fedha, farasi mmoja 150.

Waisraeli wa mwanzo walikuwa watu wa milimani na hawakuwa nayo. Waamuzi 1:19 inakiri bila kuficha kwamba Yuda waliitwaa nchi ya milima lakini hawakuweza kuwafukuza wenyeji wa bondeni, kwa sababu wale walikuwa na magari ya chuma. Na katika 1 Wafalme 20 washauri wa mfalme wa Shamu, baada ya kupigwa na Israeli, wanatoa ushauri wa kijeshi uliovikwa vazi la dini: mungu wao ni wa milimani, ndiyo maana wametushinda, tupigane nao uwandani. Kauli hiyo iweke akilini, nitaihitaji baadaye.

Tope: Farao au Sisera?

Visa hivi viwili ni ndugu. Katika vyote viwili mwenye magari ndiye mnyanyasaji, asiye nayo ndiye mnyonge, na maji yanayageuza magari kuwa mzigo.

Kutoka 14 inaanza kwa hesabu: magari 600 yaliyochaguliwa, na juu yake magari yote ya Misri. Kisha, alfajiri, magurudumu yanagoma. Jeshi linayaendesha kwa shida, na ni Wamisri wenyewe wanaosema tukimbie, BWANA anawapigania. Msikilizaji wa kawaida huyakumbuka maji yaliyosimama kama ukuta na kuyasahau magurudumu, ilhali kushindwa kwa Farao kulianzia kwenye magurudumu, kabla maji hayajarudi. Tumia kisa hiki kwa watu wasio na chochote mikononi. Israeli hapa hawapigani hata kidogo, wanaambiwa wasimame tu na kuutazama wokovu. Ubaya wake ni kwamba kila mtu anakijua, na darasa likiona linajua mwisho huacha kusikiliza katikati.

Sisera, amiri wa jeshi la mfalme wa Kanaani, anajulikana kidogo zaidi na, kwa maoni yangu, anafundisha vizuri zaidi kikundi cha watu wazima. Ana magari ya chuma 900, na ameitesa Israeli miaka 20. Magari hayo pengine yalikuwa ya mbao yenye vifaa vya chuma, maana gari la chuma tupu lingewashinda farasi kulivuta. Sasa soma Waamuzi sura ya 4 peke yake: utaona jeshi limefadhaika na Sisera ameshuka garini, anakimbia kwa miguu, lakini hutaambiwa sababu. Sababu imo katika wimbo wa Debora, sura ya 5. Mawingu yakadondosha maji, na mto Kishoni ukawachukua. Uwanda ambao Sisera aliuchagua kwa sababu ulifaa magari ulilowa. Amiri wa magari 900 anamaliza safari yake kwa miguu mpaka hema la mwanamke, Yaeli, na kinachomuua ni kigingi cha hema.

Kisha wimbo unafanya jambo ambalo Kutoka haifanyi. Unatupeleka dirishani kwa mama yake Sisera, anayeuliza kwa nini gari la mwanawe linakawia, kwa nini magurudumu yanachelewa. Wanawake wenye hekima wa nyumba yake wanamtuliza, naye anajijibu mwenyewe: bila shaka wanagawana nyara, msichana mmoja au wawili kwa kila mwanamume. Hapo ndipo kikundi kinapogawanyika. Wapo watakaomhurumia mama, wapo watakaosikia maneno yake kuhusu wasichana na kukataa kumhurumia. Waache wabishane. Gurudumu katika kisa hiki ni saa inayohesabiwa na mtu aliyezoea kuona magari yakirudi, na hakuna andiko jingine linalolitumia hivyo.

Kwa watoto wadogo mchukue Farao. Kigingi cha Yaeli si cha umri huo.

Gharama: Sulemani na nyumba ya kifalme

Hapa sitakaa sana, ila usiliruke kundi hili kama unazungumza na viongozi. Magari ya Farao na Sisera ni magari ya adui, na ni rahisi kuyalaani. Ya Sulemani ni yetu.

Kumbukumbu la Torati 17:16 inamkataza mfalme kujiongezea farasi na kuwarudisha watu Misri kwa ajili ya farasi. Samweli anawaonya watu katika 1 Samweli 8:11 kwamba mfalme wanayemtaka atawachukua wana wao kwa ajili ya magari yake. Kisha tunakutana na Sulemani mwenye magari 1,400 na wapanda farasi 12,000, tena akinunua Misri na kuwauzia wafalme wa Wahiti na wa Shamu. Mwandishi hamshutumu kwa neno hata moja. Anaorodhesha tu, kama mtu anayesoma risiti kwa sauti. Aliyeisoma Torati anajua kilichokwisha kutokea.

Absalomu alipotaka kumpindua baba yake alianza kwa kujipatia gari, farasi na watu 50 wa kumtangulia mbio. Adonia naye alifanya vilevile. Ahabu, mfalme wa Israeli, alifika mbali zaidi: jiwe la kumbukumbu la Shalmaneser III, mfalme wa Ashuru, linamtaja miongoni mwa wafalme waliompinga huko Qarqar mwaka 853 K.K., na linamhesabia magari 2,000. Wapo wataalamu wanaoiona idadi hiyo kubwa mno, lakini hata ukiipunguza inabaki kuwa jeshi zito. Biblia yenyewe inamkumbuka akiwa katika gari moja tu, ameegemezwa ndani yake mpaka jioni, damu ya jeraha lake ikimwagika sakafuni mwa gari.

Zaburi 20:7 huwekwa hapa na watu wengi: «Hawa wanataja magari na hawa farasi, bali sisi tutalitaja jina la BWANA, Mungu wetu.» Ni sawa, lakini mstari huo huimbwa haraka kana kwamba «hawa» ni mataifa tu. Uuweke karibu na Isaya 2:7-8, ambako nchi ya Yuda imejaa fedha, imejaa farasi, magari yake hayana mwisho, na sentensi inayofuata inasema nchi imejaa sanamu. Mistari hiyo miwili pamoja inatosha kwa somo zima.

Kugeuka: magurudumu ya Ezekieli

Hili ndilo andiko tajiri kuliko yote katika orodha hii, na ndilo linaloharibiwa zaidi. Wengine hulikwepa kwa sababu ni gumu. Wengine hulikimbilia kwa sababu ni la ajabu, wakaanza kuzungumzia vyombo vya anga za juu. Pande zote mbili zinakosa jambo ambalo mtu wa mwaka 593 K.K. angeliona mara moja.

Ezekieli ni kuhani aliyechukuliwa mateka pamoja na mfalme Yehoyakini mwaka 597 K.K. Yupo kando ya mto Kebari, katika nchi ya Wakaldayo, yaani Babeli. Hekalu bado limesimama Yerusalemu, lakini yeye hayupo huko na hawezi kurudi. Katika mwaka wa tano wa uhamisho anaona tufani ikitoka kaskazini, na ndani yake viumbe hai wanne, kila mmoja ana nyuso nne: ya mwanadamu, ya simba, ya ng'ombe na ya tai. Kando ya kila kiumbe, juu ya nchi, lipo gurudumu moja, na lilivyotengenezwa ni kana kwamba gurudumu lipo ndani ya gurudumu. Yanakwenda pande zote nne bila kugeuka. Vikingo vyake ni virefu, vya kutisha, vimejaa macho. Roho ya viumbe hai imo ndani ya magurudumu. Juu ya yote, kiti cha enzi.

Angalia alichokiondoa. Hakuna farasi. Hakuna mwendeshaji mwenye hatamu. Na kikwazo kikubwa cha gari la vita, yaani kugeuka, hakipo. Gari la vita la Nebukadreza, mfalme wa Babeli, lilihitaji barabara. Hili halihitaji barabara. Lile swali la wahamishwa, kama Mungu amebaki Yerusalemu nasi tumepotea huku, linajibiwa na magurudumu kabla sauti haijasema neno.

Kuhusu umbo lake, usiende mbali kutafuta. Soma 1 Wafalme 7:27-37. Katika hekalu la Sulemani kulikuwa na vitako kumi vya shaba vya kubebea mabirika, kila kimoja na magurudumu manne ya dhiraa moja na nusu, yaliyotengenezwa kama magurudumu ya gari. Kwenye mabamba yake palichorwa simba, ng'ombe na makerubi. Kijana wa ukoo wa kikuhani aliyelelewa karibu na hekalu hilo alijua vitu hivyo vilivyofananaje. Sidai kwamba maono yake ni kumbukumbu tu ya samani za hekalu, ila naona uhusiano huu unaeleza mengi zaidi kuliko michoro ya mitambo. Na mwisho wa vitako hivyo unajulikana: 2 Wafalme 25:13 inasema Wakaldayo walivivunja na kuichukua shaba yake Babeli.

Macho je? Wafafanuzi wengi husema ni ishara ya Mungu kujua yote, na hawajakosea, lakini ukiishia hapo umesema jambo la jumla sana. Fungua 2 Mambo ya Nyakati 16:8-9. Hanani mwonaji anamkemea mfalme Asa aliyetafuta msaada kwa mfalme wa Shamu, na kumkumbusha kwamba Wakushi na Walubi walikuja na magari mengi mno lakini akawashinda alipomtegemea BWANA. Mara tu baada ya kuyataja magari hayo anasema macho ya BWANA hukimbia huku na huku duniani mwote, ili ajionyeshe kuwa na nguvu kwa ajili ya wenye moyo mkamilifu. Magari upande mmoja, macho yanayokimbia upande wa pili. Ezekieli ameviunganisha viwili hivyo kuwa kitu kimoja.

Historia ya ufafanuzi wake nayo ni ndefu. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi wa Kiyahudi, inazuia maono haya yasifundishwe ovyo, hata kwa mwanafunzi mmoja, isipokuwa ni mwenye hekima anayeweza kuelewa kwa akili yake. Hata hivyo sura ya 1 ya Ezekieli ikaja kuwa somo la sinagogi siku ya Shavuoti, yaani Pentekoste ya Wayahudi. Papa Gregori wa Kwanza, mwishoni mwa karne ya 6, aliliona gurudumu ndani ya gurudumu kuwa Agano Jipya lililofichwa ndani ya la Kale. Ni fikra nzuri ya kuhubiria, ingawa wahamishwa wa Kebari wasingeielewa. Jambo dogo la kuangalia: Ezekieli mwenyewe haliiti gari popote katika sura ya 1 wala ya 10. Ni 1 Mambo ya Nyakati 28:18 na Yoshua bin Sira 49:8 (kitabu cha hekima kisichokuwamo katika Biblia za Kiprotestanti) zinazotaja gari la makerubi.

Sasa onyo langu kubwa kwa atakayelichagua andiko hili. Usifundishe sura ya 1 peke yake. Katika sura ya 10 magurudumu yaleyale yapo Yerusalemu, na mtu aliyevaa kitani anachota makaa ya moto kati yake ili ayatawanye juu ya mji. Kisha utukufu wa BWANA unaondoka juu ya kizingiti cha nyumba, unapanda juu ya makerubi, ndio wale viumbe hai wanne, na katika 11:23 unasimama juu ya mlima ulio mashariki ya mji. Magurudumu yaliyomfariji mhamishwa ndiyo yanayolihama hekalu. Kama Mungu hafungwi na mahali, basi anaweza kuja ulipo, na anaweza pia kuondoka unapodhani amefungwa. Kurudi kwake ni sura ya 43, kwa njia ya mashariki. Hivyo ni vipindi vitatu, au kimoja kirefu sana. Huna muda huo? Chagua jingine.

Yale ya kupita haraka

Zekaria 6 ina magari manne yanayotoka kati ya milima miwili ya shaba, yenye farasi wa rangi mbalimbali, wanaotumwa pande za dunia. Maono hayo ni ya mwaka 519 K.K., watu wamesharudi kutoka utumwani, dola ya Uajemi imetulia, nao wanajiuliza kama Mungu anafanya chochote. Magari yanajibu kwamba doria ipo. Linafaa kama nyongeza ya somo la Ezekieli, likisimama peke yake hukaukia mikononi. Danieli 7:9, kiti cha enzi chenye magurudumu ya moto uwakao, nalo liwe nyongeza tu.

Gari la Mkushi katika Matendo 8 ni la aina nyingine kabisa. Si la vita. Ni la afisa wa hazina ya Kandake anayesoma Isaya njiani kutoka Yerusalemu kwenda Gaza. Filipo anakimbia, anaalikwa kupanda, wanasoma pamoja, na gari linasimamishwa penye maji. Likikaa mwishoni mwa mfululizo wa masomo linapendeza sana, kwa kuwa baada ya magari yote ya kukanyagia watu, hili moja linabeba kitabu.

Usichanganye haya na magurudumu mengine: lile la kisimani katika Mhubiri 12, la mfinyanzi katika Yeremia 18, la kupuria nafaka katika Isaya 28. Kila moja lina mada yake, na kuyakusanya kwa sababu tu yote yanazunguka ni njia ya hakika ya kupata somo lisilo na kichwa wala miguu.

Mlima: Eliya au Dothani?

Nimewaacha hawa mwisho kwa sababu ndipo uchaguzi unapokosewa zaidi.

Katika 2 Wafalme 2 gari la moto na farasi wa moto wanatokea na kuwatenga Eliya na Elisha. Eliya anapanda mbinguni kwa upepo wa kisulisuli. Soma tena polepole: gari linatenganisha, upepo unachukua. Yoshua bin Sira, mwanzoni mwa karne ya 2 K.K., tayari alisema Eliya alichukuliwa kwa gari la farasi wa moto, na wachoraji wakamketisha ndani yake tangu hapo, kwa hiyo sitagombana na anayesema alipanda. Lakini uzito wa kisa haupo kwenye usafiri. Upo kwenye kilio cha Elisha: «Baba yangu, baba yangu, gari la Israeli na wapanda farasi wake!» Anayelia hivyo anamlilia mtu. Eliya mwenyewe ndiye aliyekuwa ulinzi wa taifa, yeye aliyewahi kukaza viuno na kukimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli, akalitangulia.

Kilio hichohicho kinarudi katika 2 Wafalme 13:14, mfalme Yoashi akimlilia Elisha mgonjwa. Aya chache kabla ya hapo tumeambiwa kwamba jeshi la baba yake Yoashi lilikuwa limebakiwa na wapanda farasi 50, magari 10 na askari wa miguu 10,000. Linganisha na yale 2,000 yaliyoandikwa katika jiwe la Ashuru. Mfalme aliyerithi mabaki hayo anamwita mzee anayekufa kitandani gari la Israeli, na anajua anachosema.

Kwa hiyo chukua Eliya kwa kumuaga mlezi wa imani, kwa kukabidhi huduma, kwa swali la nani atalilinda kundi mzee akiondoka. Usimchukue kwenye mazishi kwa kuahidi kwamba waaminifu huondoka hivyo. Elisha, aliyepata roho maradufu, alikufa kwa ugonjwa kama watu wote.

Dothani ni 2 Wafalme 6. Mfalme wa Shamu anatuma farasi, magari na jeshi kubwa usiku kuuzingira mji huo kwa ajili ya mtu mmoja, Elisha. Asubuhi mtumishi wa Elisha anatoka, anaona, anapiga kelele. Elisha anamwambia asiogope, walio pamoja nasi ni wengi kuliko walio pamoja nao, kisha anaomba kijana afumbuliwe macho. Kijana anaona mlima umejaa farasi na magari ya moto.

Mlima. Pale ambapo gari la vita halina kazi. Na waliouzingira mji ni watu wa taifa lilelile lililosema Mungu wa Israeli ni wa milimani, tukampige uwandani. Mwandishi hasemi lolote kuhusu kejeli hiyo, ameiacha hapo tu kwa anayekumbuka.

Jambo la pili linanishangaza zaidi. Magari hayo ya moto hayafanyi kitu. Hayashuki, hayapigani, hakuna Mshami anayeyaona. Askari wanapigwa upofu, Elisha anawaongoza mpaka Samaria, mfalme wa Israeli anauliza kwa shauku kama awaue, naye anakataliwa. Wanaandaliwa karamu, wanakula, wanarudishwa kwa bwana wao. Nguvu kubwa kuliko zote katika kisa imesimama mlimani, na vita vinamalizika kwa chakula.

Ndiyo maana, kwa mwenye kipindi kimoja tu na kikundi cha watu mchanganyiko, ningemshauri achukue Dothani. Kina hofu ambayo kila mtu anaijua, kina picha isiyohitaji maelezo marefu, na kinajibu swali ambalo Kutoka na Waamuzi hayaligusi: mwenye magari ya moto anamfanyia nini adui yake? Sharti langu ni moja. Masomo mengi ya Dothani hukomea aya ya 17, pale macho ya kijana yanapofumbuka, watu wakaimba na kwenda zao. Endelea kusoma mpaka aya ya 23, na upange muda wako ili robo saa ya mwisho iwe ya karamu ya Samaria, kwa sababu ndipo maswali yatakapotoka.